Hesabu zilizokutoka, na zile ambazo hazikuwahi kukuingia

Swali: "Nina miaka 31 na nimepata nafasi ya kozi ya msingi ya sayansi ya afya, ambayo nikifaulu itanifungulia njia ya shahada. Inaanza baada ya wiki 10. Tatizo langu ni hesabu. Tangu nimalize sekondari sijafanya hesabu yoyote zaidi ya zile za kwenye simu. Wiki iliyopita nilifungua kitabu cha mwaka wa mwisho wa sekondari, nikakwama ukurasa wa kwanza. Nikarudi nyuma hadi kwenye sehemu, nikakuta hata 3/4 ÷ 2/5 siikumbuki. Najua kuna namba inageuzwa, sijui ni ipi. Kaka yangu anasema nianze upya na vitabu vya shule ya msingi, kimoja baada ya kingine. Rafiki yangu anasema nisijisumbue, kikokotoo na akili bandia vinafanya kila kitu siku hizi. Mimi mwenyewe naona kichwa changu cha hesabu kilishakufa, na nawaza niahirishe mwaka mmoja. Mchana niko kazini, jioni napata kama saa moja. Nifanye nini?"

Jibu:

Ndugu yangu, hongera kwa kupata nafasi hiyo. Ukiuchambua wasiwasi wako utakuta mambo mawili yameshikana: unaogopa kwamba uwezo wenyewe umeondoka, na hujui pa kuanzia. La kwanza nalijibu bila kusita. Hujachelewa. Wiki 10 za saa moja jioni zinatosha kwa hesabu unazohitaji ili uingie kozi ya msingi ukiwa na miguu yako, kwa sharti kwamba hutazitumia kujaribu kusoma kila kitu.

Kichwa cha hesabu hakifi namna unavyodhani. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akasubiri, kisha akajipima. Wengi wanamkumbuka kwa kuonyesha jinsi tunavyosahau upesi, hasa katika saa na siku za mwanzo. Nakuomba ukumbuke upande wa pili wa kazi yake: alipozikariri upya orodha zilizokuwa zimemtoka, alitumia muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Ulichowahi kukijua vizuri huacha alama, hata pale unapoapa kwamba hakuna kilichobaki. Kukwama kwako wiki iliyopita ni matokeo ya miaka mingi ya kutogusa hesabu, na hilo linarekebishika.

Lakini sitakuambia kwamba kila kitu kitarudi ukipitia kitabu mara moja. Watu wazima wanaorudi darasani huchanganya mafungu mawili, na kuyatenganisha ndiyo kazi yako kubwa ya wiki mbili za mwanzo. Kuna hesabu zilizokutoka, na kuna hesabu ambazo hazikuwahi kukuingia: shuleni ulizipita kwa kukariri hatua, mtihani ukaisha, hatua zikayeyuka. Zote mbili leo unaziita "nimesahau", ila tiba zake hazifanani. Iliyokutoka inataka mazoezi tu. Ile ambayo haikuwahi kukuingia, hata ukiifanyia maswali mia, utakuwa unaikariri upya, na itakutoka tena.

Utazitambuaje? Soma mfano mmoja uliotatuliwa, funga kitabu, ufanye maswali matatu ya aina hiyo. Ukiyapata, na kesho yake ukayapata mengine bila kuchungulia, basi ilikuwa imekutoka na sasa imerudi. Songa mbele. Ila kama unaweza kuiga mfano ulivyo, halafu swali likigeuzwa kidogo unabaki umeduwaa, au ukiulizwa sababu ya hatua fulani huna la kusema zaidi ya "ndivyo tulivyofundishwa", hapo pana shimo. Usilifukie kwa mazoezi. Tafuta maelezo kwanza.

Tuchukue hiyo hiyo iliyokukwamisha, 3/4 ÷ 2/5. Jibu la haraka ni kwamba unageuza ya pili, kisha unazidisha: 3/4 × 5/2 = 15/8. Tukiishia hapo, mwezi ujao utaniuliza tena ni ipi inageuzwa. Hebu tuanze na swali lenyewe linauliza nini. Kugawanya 12 kwa 3 ni kuuliza 3 inaingia mara ngapi ndani ya 12. Hapa tunauliza 2/5 inaingia mara ngapi ndani ya 3/4. Robo na sehemu za tano hazilinganishiki kirahisi kwa sababu vipande vyake vina ukubwa tofauti, kwa hiyo tuzilete kwenye asili moja, yaani namba ya chini iwe moja. Kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 5 ni 20. Basi 3/4 inakuwa 15/20, na 2/5 inakuwa 8/20. Sasa vipande vyote vinalingana, na swali limegeuka kuwa jepesi: vipande 8 vinaingia mara ngapi ndani ya vipande 15? Ni 15 ÷ 8, yaani 15/8, pungufu kidogo ya mara mbili.

Angalia sasa namba hizo zilikotoka. Ile 15 tuliipata kwa 3 × 5, na ile 8 kwa 2 × 4. Rudi kwenye 3/4 × 5/2: juu ni 3 × 5, chini ni 4 × 2. Kumbe kugeuza ni njia ya mkato ya kazi hii tuliyoifanya polepole. Ukishaiona kwa kalamu yako mwenyewe, hata ikikutoka siku ya mtihani utaijenga upya pembeni mwa karatasi kwa dakika moja. Hiyo ndiyo tofauti ya kuelewa na kukariri, na ndiyo maana naitilia mkazo kuliko idadi ya kurasa utakazomaliza.

Kwenye sehemu hizo hizo jizoeze pia kulihoji jibu. Mtu akijumlisha 1/2 + 1/3 akaandika 2/5, hahitaji mwalimu wa kumwambia amekosea. 2/5 ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo; ameongeza kitu, kikapungua.

Shimo la pili ninalolikuta mara nyingi liko kwenye milinganyo. Karibu kila mtu aliambiwa kwamba namba ikivushwa upande wa pili inabadili alama. Kwa x + 3 = 12 inafanya kazi: 3 inavuka, inakuwa −3, x ni 9. Mpe mtu huyo huyo 3x = 12. Wapo watakaoivusha 3, waandike x = 12 − 3, wapate 9 tena. Wamefuata kanuni waliyopewa, ila hawakuwahi kupewa sababu yake. Hakuna namba inayovuka popote. Alama ya sawasawa inasema pande mbili zina thamani moja, na zitabaki sawa mradi unachoufanyia upande mmoja unaufanyia na wa pili. Kwenye x + 3 ulitoa 3 pande zote. Kwenye 3x, ile 3 imezidishwa, kwa hiyo unagawanya pande zote kwa 3, na x ni 4. Halafu irudishe 4 mahali pake: 3 × 4 = 12. Umejisahihisha mwenyewe bila kufungua ukurasa wa majibu.

Na MAGAZIJUTO uliyoikariri (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) ina mtego wake. Ukiifuata kwa mpangilio wa silabi, kwenye 10 − 4 + 3 utaanza kujumlisha 4 na 3, utoe 7 kwenye 10, ubaki na 3. Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa vina daraja moja, unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Tena haivitaji vipeo, ambavyo vinakuja baada ya mabano tu: 2 × 3² ni 18, si 36. Vilevile (−3)² ni 9, lakini −3² bila mabano ni −9, na vikokotoo vingi vitakupa hivyo hivyo kulingana na ulivyoandika.

Sasa tuje kwenye ushauri uliopewa. Kaka yako ana nia njema na ana hoja, kwa maana hesabu za juu hukaa juu ya zile za chini. Lakini kuanza na kitabu cha kwanza kutakula wiki zako kwenye mambo unayoyajua, uchoke, na ufike kwenye yanayokuhusu kozi ikiwa imebakiza siku chache. Badala yake tenga jioni moja ujipime. Kusanya maswali kama 30 au 40 yaliyochanganyika: sehemu, desimali, asilimia, uwiano, namba hasi, vipeo, milinganyo midogo. Usitumie kikokotoo. Ukimaliza, yasahihishe kwa alama tatu: tiki kwa ulilolipata na unaloweza kulieleza, mstari kwa ulilolipata kwa kubahatisha au kwa kusuasua, duara kwa lililokushinda. Kisha anza na duara la chini kabisa, lile ambalo mengine yanalitegemea. Mara nyingi mtu anayelia na aljebra anakuta duara lake la chini liko kwenye sehemu au kwenye namba hasi. Akilitibu hilo, aljebra nusu yake inafunguka yenyewe.

Rafiki yako naye ana nusu ya ukweli. Kozi nyingi zinaruhusu kikokotoo, na ni vizuri ukakizoea mapema, hicho hicho utakachoingia nacho kwenye mtihani. Tatizo liko kwenye namna akili inavyofanya kazi. Sehemu ya kumbukumbu tunayoitumia kushikilia mambo wakati tunafikiri ni ndogo. Inabeba vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Mwalimu anapopanga upya kanuni ubaoni, na wewe bado unajiuliza kwa nini 0.5 imeandikwa 1/2, nafasi yote imejaa swali hilo dogo, na hoja kubwa inakupita. Ndiyo sababu baadhi ya mambo lazima yaje yenyewe bila kufikiri: jedwali la kuzidisha, nusu na robo katika desimali, alama za namba hasi. Na kikokotoo kinahitaji mtu anayeweza kukitilia shaka. Kabla hujabonyeza 0.48 × 19.7, jiambie kwamba hiyo ni karibu nusu ya 20, yaani karibu 10. Kioo kikionyesha 9.456, sawa. Kikionyesha 94.56, unajua kidole kiliteleza kwenye nukta.

Akili bandia itumie, lakini baada ya kuhangaika mwenyewe kwenye karatasi. Ukiiomba ikutatulie, utasoma jibu safi, utatikisa kichwa kwamba umeelewa, na kesho hutaweza. Iandikie hatua zako, kisha uiulize kosa limeanzia hatua ya ngapi na kwa nini. Na uhakiki inachosema kwa kurudisha jibu kwenye swali, maana nayo hukosea.

Kwa kuwa unaelekea sayansi ya afya, naweza kukuambia pa kuweka nguvu: sehemu, uwiano, asilimia, vipimo, vipeo vya 10, kupanga upya kanuni, na kusoma grafu. Chukua mfano wa kipimo cha dawa. Mgonjwa anatakiwa kupewa miligramu 375, na dawa ya maji iliyopo ina miligramu 250 katika kila mililita 5. Wengi hukimbilia kanuni waliyoikariri. Kwa uwiano unaona moja kwa moja kwamba 375 ni mara moja na nusu ya 250, kwa hiyo ujazo nao ni mara moja na nusu ya mililita 5, yaani 7.5. Au chukua vipimo: gramu 0.25 ni miligramu 250, na miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Kukosea hatua moja hapo ni kukosea mara 1,000, na katika fani unayoiendea kosa la namna hiyo linampata mtu. Asilimia nazo zina ujanja wao. Kitu cha 100 kikipanda kwa asilimia 20 kinakuwa 120, kikishuka tena kwa asilimia 20 hakirudi 100 bali 96, kwa sababu ile 20 ya pili inahesabiwa kutoka 120. Vipeo vya 10 utavihitaji kila wiki, maana seli nyekundu ya damu ina upana wa karibu mikromita 7, ambazo ni mita 7 × 10⁻⁶. Na kupanga upya kanuni, mathalani c = n/V ya ukolezi wa mmumunyo (c ni ukolezi, n ni kiasi cha kilichoyeyushwa, V ni ujazo) ukitakiwa kupata V, ni ile ile 3x = 12 iliyovaa herufi.

Kalkulasi, matriki na uthibitisho wa jiometri viache hadi uone vimeandikwa kwenye mtaala. Mtaala huo uombe chuoni sasa hivi, pamoja na mfano wa mtihani wa kuingilia kama wanao. Ni swali la kawaida.

Saa yako ya jioni igawe hivi. Dakika 10 za mwanzo, kabla ya kufungua kitabu, fanya maswali manne au matano ya mambo uliyosoma siku zilizopita, yaliyochanganywa. Utaona ni magumu kuliko kuendelea na ya jana, na ndiyo faida yake. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu na kukirudia na wale waliosoma kisha wakajipima. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Vilikuwa vifungu vya kusoma, si hesabu, lakini jambo hilo hilo naliona kwenye daftari za wanafunzi: kusoma suluhisho la mwingine kunakupa hisia ya kujua, kujipima kunakupa kujua. Muda unaobaki shughulika na duara moja tu. Siku tano kwa wiki zinatosha; siku moja pumzika kabisa, nyingine iwe akiba ya jioni ambayo kazi itakuchelewesha.

Weka pia daftari la makosa. Usiandike tu jibu sahihi, andika kosa lako na sababu yake kwa sentensi moja, kwa mfano, "nilikata 6 juu na chini kwenye (x + 6)/6, lakini 6 ya juu imejumlishwa, haikuzidishwa." Kisha jipe uthibitisho kwa namba: x ikiwa 2, jibu ni 8/6, si 2. Baada ya wiki tatu utagundua kwamba makosa yako yote yanatoka kwenye vyanzo vichache vinavyojirudia.

Umeandika pia kwamba unahisi kichwa kimekufa. Hofu ya hesabu ina uzito wake halisi. Mwaka 2001 Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha kwamba wasiwasi wa hesabu unakula ile nafasi ndogo ya kumbukumbu inayohitajika kufanyia hesabu yenyewe. Kwa hiyo mtu mwenye hofu anaweza kushindwa swali ambalo akitulia analiweza. Msaada wake ni wa vitendo: andika kila hatua kwenye karatasi badala ya kuibeba kichwani, anza kila jioni na swali unalolimudu, na usijipime kwa saa katika wiki za mwanzo.

Kuna wakati maandishi yangu hayatoshi, unahitaji mtu wa kukaa naye. Ukizunguka kwenye shimo moja kwa wiki mbili na maelezo ya vyanzo viwili tofauti hayajakusaidia, tafuta mwalimu. Saa moja ya mtu anayekutazama unavyoandika inaonyesha kosa ambalo wewe huwezi kuliona. Mwalimu mzuri atakuacha uandike. Akishika kalamu muda wote, tafuta mwingine. Kama namba ndogo za vipeo unaziona kwa shida au unachanganya 3 na 8, pima macho kwanza. Kama kufungua tu kitabu cha hesabu kunakupeleka moyo mbio na kukunyima usingizi, zungumza na mshauri nasaha. Na kama tangu utotoni umekuwa ukihangaika kujua namba ipi ni kubwa, kusoma saa ya mishale au kuhesabu chenji, mambo ambayo wenzako waliyapita bila taabu, muone mwanasaikolojia wa elimu akupime diskalkulia, yaani ugumu wa kudumu wa kuelewa namba. Haihusiani na uvivu wala akili ndogo, na vyuo vingi vinatoa muda wa ziada au msaada kwa mwenye uthibitisho wa kitaalamu.

Kuhusu kuahirisha, usiamue leo. Wiki ya sita rudia kujipima kwa maswali mapya ya aina zile zile. Kama maduara yaliyobaki ni ya vipeo na grafu, ingia. Hayo utafundishwa humo. Kama sehemu na milinganyo midogo bado vinakushinda licha ya kazi ya kweli, andikia chuo kabla ada haijalipwa, uulize kama wana darasa la kusaidia hesabu, kama kozi inaweza kusomwa kwa muda mrefu zaidi, na tarehe ya mwisho ya kuahirisha ni ipi. Ukiahirisha, iwe tayari una mwalimu na ratiba, la sivyo mwakani utafungua kitabu kile kile ukiwa umesahau zaidi.